Udongo wa Nyamatale

Hatua kumi na moja. Mektilda alizipiga mwenyewe, kuanzia jiwe la chini la kaburi la mwanawe mpaka pale maji yalipokuwa yakilamba majani, kisha akarudi akazipiga tena, huenda alikosea. Hakuwa amekosea. Juzi zilikuwa kumi na saba, jana kumi na nne. Alisimama akalitazama ziwa kwa chuki, kama anavyotazamwa mgeni aliyekaribishwa sebuleni akaanza kuelekea chumbani.

Nyumbani alimkuta mumewe, Athanasi, akifungasha masufuria ndani ya gunia la pamba. Walikuwa na siku chache tu za kukaa pale kabla ya kulikimbia ziwa na kuhamia Nkoma, kwa kaka yake.

"Kumi na moja," alimwambia.

Athanasi hakuuliza kumi na moja za nini.

"Jumatatu yatakuwa yamemfikia," Mektilda alisema. "Siendi Nkoma nikamwacha Milembe ndani ya maji. Nakuambia mapema, usije ukasema sikusema."

"Nimempigia kaka jana."

"Kasemaje?"

Athanasi aliendelea kulikaza gunia ambalo lilishakazika. "Machibya anasema twende mimi na wewe na ng'ombe, shamba lipo. Ila mifupa tusimpelekee. Wazee wa pale hawampokei aliyekwisha kulala kwingine."

"Milembe ndiye mifupa?"

"Ni maneno yake, mama. Si yangu."

Milembe alikuwa mtoto wao pekee. Alifariki akiwa na miaka saba, kwa homa ya siku tatu, na sasa alikuwa na miaka miwili kaburini.

Nyamatale ni rasi, na kwa asiyeijua ni mawe matupu. Inachomoza kutoka nchi kavu upande wa Busega, inaingia ziwani mwendo wa nusu saa kwa miguu, nyembamba pale inapoanzia, nene katikati, halafu inakwisha kwa majabali matatu ambayo wageni huyapiga picha. Watu wamejigawa kwa kufuata mawe. Shingoni, pale inaposhikana na nchi kavu, ndiko kwenye maduka, mashine ya kusaga na msikiti wa bati. Mabondeni wanakaa wakulima Wasukuma, wengi Wakatoliki, wanaolima viazi na mihogo katika vijishamba vilivyobanwa kati ya jabali na jabali. Nchani ni wavuvi, na mawe yao ni meupe kwa dagaa mwaka mzima. Nyumba zote zimekaa juu ya mwamba, si kwa kupenda. Udongo ni kidogo mno, na hakuna mwenye akili anayejenga nyumba juu ya chakula chake.

Kwa sababu hiyohiyo, Nyamatale hakuna anayechimba kaburi kabla ya kupiga mtaimbo. Mtu akifariki, wanaume huchukua mtaimbo wa kanisa wakauchoma ardhini hapa na pale huku wakisikiliza. Ukilia, chini kuna mwamba, wanasogea. Ukizama wote bila kulia, wanasema hapa mtu atalala. Katika rasi nzima mtaimbo unazama sehemu tatu tu: uwanja wa kanisa, ambao ulishajaa, nyuma ya duka la Mzee Hamimu kule Shingoni, na ufukweni, chini ya nyumba ya Athanasi.

Milembe alipofariki, Mzee Hamimu alijitolea ile sehemu ya nyuma ya duka. Athanasi alikataa. Baba gani anaomba udongo wa kumzikia mwanawe wakati wa kwake anao? Alishika mtaimbo mwenyewe, akauchoma pale ufukweni, ukazama mpaka yeye akapiga magoti. Waliokuwepo walisema mtoto amepata pazuri. Ziwa wakati huo lilikuwa mbali, mtu akitupa jiwe halifiki, na hakuna aliyeliwaza.

*

Siku hiyohiyo, Alhamisi, mchana, Athanasi na mkewe walikwenda Shingoni. Barabara ya kuelekea nchi kavu ilikuwa imezama kwa wiki ya pili, watu wakivuka kwa mtumbwi. Dukani kulikuwa na wanawake wawili wakichagua sabuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba Milembe. Karibuni. Habari za Mabondeni?"

"Nzuri. Mzee, nimekuja kwa lile jambo."

Mzee Hamimu alilijua jambo lenyewe. Athanasi naye alijua kwamba analijua, lakini ilimbidi aliseme kwa kinywa chake, na wale wanawake waliacha kuchagua sabuni ili wasikie vizuri.

"Ile sehemu uliyonipa mwaka juzi nikaikataa," alisema. "Nimekuja kuiomba."

Mzee Hamimu alitoka nyuma ya kaunta, akawapeleka uani, mbali na masikio. Mkewe, Faudhia, aliwaletea mkeka, akakaa kando ya Mektilda akamshika mkono.

"Sehemu ipo," mzee alisema. "Maiti hafukuliwi ovyo, kwetu hata kwenu. Ila maji ni dharura. Nilishamuuliza shehe tangu wiki iliyopita, akasema inafaa. Nilikuwa nakusubiri uje mwenyewe."

"Wabeja sana, mzee. Asante sana."

"Lipo jambo moja, na naona haya kulisema." Mzee Hamimu alijikuna kidevu. "Wanangu wako mjini. Siku nikiondoka, Nuruddin atakuja akute kaburi la mtu kwenye kiwanja cha baba yake. Na unajua huku kwetu kaburi ni hati."

Ni kweli. Nyamatale mashauri yote ya ardhi huanza kwa kuulizana nani kazikwa wapi. Athanasi alisema anaelewa. Faudhia alileta daftari, mzee akaandika, kisha akawasomea: mimi Athanasi Luhaga na mke wangu Mektilda tunakiri kwamba kaburi la mtoto wetu si dai la ardhi, hatutaongeza kaburi lingine, wala hatutapanda kitu chochote juu yake.

"Hata ua?" Mektilda aliuliza.

Mzee Hamimu aliinamia daftari. "Ua panda, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, na akafuta mstari ule kwa kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Athanasi alisaini. Mektilda aliandika jina lake taratibu, herufi kwa herufi, akiwa ameuma mdomo ili asilie uani kwa watu. Aliwahi kumsainia mtoto huyo kadi ya kliniki na daftari la shule. Kabla jua halijazama, vijana wa Shingoni walikuwa wamekwisha kuchimba, kina cha kifua cha mtu mzima.

*

Ingekuwa ni juu ya Mektilda, Milembe angehamishwa kesho yake. Lakini mtendaji wa kijiji, Dastan, alipata habari za kaburi jipya lisilo na msiba, akatuma neno Ijumaa asubuhi kwamba wamsubiri, akaja Jumamosi, suruali imekunjwa magotini kwa sababu ya kuvuka maji.

Dastan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye maneno mazuri na hofu ya kupoteza kazi.

"Poleni sana," alisema. "Mimi siwazuii. Ila kufukua mwili bila kibali ni kosa la jinai, mzee wangu. Inatakiwa kibali cha Bariadi, na afisa afya awepo. Mkichimba, mimi nitaulizwa, na polisi watakuja kwenu, si kwangu."

"Kibali kinachukua siku ngapi?" Athanasi aliuliza.

"Ukienda Jumatatu asubuhi na barua yangu, Jumatatu hiyohiyo unarudi nacho."

Mektilda alisema, "Leo ni hatua tano."

"Mama, naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa ungeshika jembe."

Athanasi alimwomba radhi Dastan kwa niaba ya mkewe, na hilo Mektilda hakulisahau. Athanasi alikuwa mtu wa utaratibu. Risiti zake zote za pamba alizitunza ndani ya Biblia, na tangu utoto alikuwa akivua kofia mbele ya mtu yeyote mwenye mhuri. Watu kama yeye serikali huwapenda na huwachelewesha.

Jumapili baada ya misa Mektilda alimvuta kando. Maji yalikuwa yamebakiza hatua mbili.

"Tuchimbe leo, baba. Mimi na wewe. Kaburi la kule liko wazi linasubiri. Watufunge baadaye."

"Wakitufunga?"

"Watakuwa wametufunga mtoto akiwa pakavu."

Athanasi aliyatazama mawe ya kaburi, yale aliyoyapanga kwa mkono wake. Alimpenda mtoto huyo kuliko chochote alichowahi kupewa, na ndiyo maana aliogopa kumgusa kama mwizi. "Kesho saa mbili nitakuwa Bariadi," alisema. "Saa tisa nimerudi. Siku moja tu, mama Milembe. Nipe siku moja."

Alimpa.

*

Ofisi aliyoelekezwa Bariadi ilikuwa na benchi moja na watu kumi na watano. Zamu yake ilifika saa sita. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, akaipokea barua ya Dastan akaisoma mpaka nyuma, ambako hakukuwa na kitu.

"Cheti cha kifo?"

"Hatuna, mama. Alifia nyumbani."

"Sasa tutajuaje kwamba amekufa?"

Watu wa kwenye benchi walitazama sakafu. Athanasi alitoa mfukoni kadi ya kliniki ya Milembe, iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, na karani akaandika namba yake kwenye fomu.

"Umbali wa kaburi kutoka ukingo wa maji?"

"Jana jioni ilikuwa hatua mbili."

"Andika mita."

"Mita mbili."

Karani aliweka kalamu chini. "Mzee, sheria ni mita sitini. Hakuna kujenga wala kuzika ndani ya mita sitini kutoka majini. Ninyi mmezika mita mbili?"

"Tulipozika, mama, ziwa lilikuwa mbali sana. Lenyewe ndilo limetufuata."

"Mimi naandika lilipo leo."

Kwa hesabu hiyo, nusu ya Nyamatale ilikuwa imekwisha kuwa kosa, na ziwa likiendelea hivyo nusu iliyobaki ingefuata kwa miguu yake yenyewe, watu wakiwa wamelala majumbani mwao. Athanasi hakusema hivyo. Alisema samahani. Alisema samahani mara nne pale dirishani, na ya mwisho ndiyo iliyomlainisha yule mama, akaipeleka fomu ndani. Alirudi akasema bosi ametoka, atasaini kesho saa mbili.

"Nilikuwa nirudi leo, mama."

"Hata mimi nilikuwa nirudi nyumbani mapema," karani alisema, na kwa kweli alionekana amechoka. "Kesho saa mbili, mzee. Njoo wa kwanza."

*

Asubuhi hiyohiyo ya Jumatatu, Mektilda hakukaa kusubiri. Kitu kimoja Nyamatale haikikosi ni mawe. Alianza peke yake, akiviringisha jiwe baada ya jiwe kuzunguka kaburi, na kufika saa tatu Faudhia alikuwa amekuja kutoka Shingoni na wanawake wengine sita wa Mabondeni wameshuka. Walijenga ukuta wa kufika kiunoni upande wa ziwa. Lakini maji hupita kati ya mawe, na wote walijua cha kuzibia ni nini.

Mektilda alipanda kwenye shamba lake la viazi akaanza kulifumua. Matuta kumi na mawili, udongo ambao mama mkwe wake aliukusanya kwa kikapu miaka na miaka, akaushusha wote kwa ndoo kuja kuziba ukuta. Viazi vichanga vilibaki juu ya mwamba vikipigwa na jua. Hakuna mwanamke aliyemwambia acha.

Saa kumi ukuta ulikuwa umeshika. Nje ya mawe maji yalifika magotini, ndani kaburi lilikuwa kavu. Mektilda aliwaendea wanaume waliokuwa wamesimama juu wakitazama.

"Mtoeni sasa," aliwaambia. "Kuko kavu. Nusu saa tu."

"Mayu, baba yake yu hai," alijibu mmoja, mzee Mayige, mjomba wa Athanasi. "Tukimfukua mtoto yeye hayupo, ni sawa na kumhesabu naye kwenye wafu. Hakuna atakayeshika jembe. Mpigie aje."

Alipiga. Athanasi alikuwa amekaa stendi ya Bariadi juu ya ukingo wa mtaro.

"Ukuta umeshika," Mektilda alimwambia. "Tumeuziba. Panda gari sasa hivi, uje umtoe mwanao kabla jua halijazama."

"Bosi anasaini kesho saa mbili."

"Sikuulizi habari za bosi."

"Nikirudi mikono mitupu watatukamata, mama. Wote, mpaka Mzee Hamimu. Fomu imeshaingia ndani. Imebaki saini tu."

"Athanasi." Hakuwahi kumwita kwa jina tangu waoane. "Udongo nilioziba ni wa viazi. Haukai."

Upande wa pili alisikia makondakta wakiita abiria wa Lamadi, njia ya nyumbani. Gari lilikuwepo. Aliwasikia wakiita mara ya pili.

"Kesho saa tano nitakuwa hapo," alisema Athanasi. "Kihalali."

*

Upepo ulivuma Jumanne alfajiri kutoka ziwani. Wanawake walirudi na ndoo, lakini ndoo hazishindani na mawimbi. Kufika saa nne udongo wa viazi ulikuwa umekwisha kuyeyuka, mawe yakaachana, na ziwa likaingia likapita juu ya kaburi likaenda mbele, kwenye majani, mpaka kwenye mwamba wa nyumba.

Bosi alisaini saa tano na nusu. Athanasi alifika Shingoni saa nane, karatasi imo ndani ya bahasha, bahasha imo ndani ya ule mfuko wa nailoni. Mtu wa mtumbwi alimwambia tu pole, na Athanasi akaanza kukimbia.

Mektilda alikuwa amekaa juu ya mwamba, matope yamemkaukia mikononi. Athanasi alimpita, akaingia majini na viatu, na shati, na kofia. Yalimfika kifuani. Alitembea akipapasa kwa miguu mpaka akayapata mawe aliyoyapanga, akazama, akaibuka na jiwe, akalitupa pembeni, akazama tena. Akaomba ndoo. Mzee Mayige na wengine sasa waliingia kumsaidia, baba wa mtoto akiwa yupo. Walichimba chini ya maji kwa majembe na kwa mikono. Kila walichokitoa kilikuwa uji wa matope, na shimo likajaa kabla hawajarudi kushika pumzi. Mtaimbo ulizama pale bila kulia, kama ulivyozama siku ile, na sasa hakukuwa na kitu cha kuusimamisha. Saa nzima walifanya hivyo.

Faudhia alikuwa akizipokea ndoo ukingoni, na Mektilda alikuwa ameshuka, akipitisha vidole ndani ya kila ndoo polepole, kama anavyochambua mchele. Alifanya hivyo kwa ndoo ishirini au zaidi. Halafu aliacha. Moyo wake uliacha kwanza, mikono ikafuata.

"Toka majini," alisema. "Utaugua."

"Bado kidogo."

"Toka. Unamkoroga."

Athanasi alitoka. Alilia mbele ya watu wote, kwa sauti, kofia yake ikielea nyuma yake. Mektilda alimtazama na akamhurumia, na huruma ile ilikuwa kama ya kumhurumia mtu wa jirani.

Saa kumi Dastan alifika na afisa afya mwenye glovu mpya. Waliposikia, walitoa pole. Afisa afya alisema inabidi aandike kitu kwenye fomu, kwa sababu kibali kimeshatoka na kina namba. Athanasi alimwonyesha karatasi. Iliandikwa ruhusa ya kuhamisha mabaki ya mtoto wa kike mmoja. Baada ya kufikiri, afisa aliandika: zoezi halikufanyika, na akamwomba Athanasi asaini chini yake. Akasaini.

*

Kaburi la nyuma ya duka lilibaki wazi siku mbili zaidi. Alhamisi Mzee Hamimu alikuja mwenyewe Mabondeni, akakaa juu ya jiwe.

"Baba, kwetu shimo la mtu halilali wazi," alisema. "Nadhani hata kwenu."

"Hata kwetu, mzee."

Athanasi alikwenda kulifukia peke yake. Alikataa kusaidiwa. Alirudisha udongo wote, koleo kwa koleo, akausawazisha mpaka hapakuwa na alama, kisha akaomba lile daftari. Mzee Hamimu akaichana ile karatasi waliyosaini, wakaichoma jikoni kwa Faudhia.

Ijumaa mtumbwi ulifika kuwachukua. Ng'ombe walishatangulia tangu juzi na kijana wa Machibya. Magunia yalikuwa yamepangwa, kitanda kimefunguliwa, masufuria yamo. Athanasi alikuwa amevaa shati safi, na mfukoni ilionekana pembe ya bahasha. Hakujua kwa nini anaibeba. Karatasi yenye mhuri haitupwi.

Mektilda alishuka na gunia la mwisho, akampa mtu wa mtumbwi. Kisha akalichagua lake, lile lenye nguo zake na chungu kimoja, akalishusha tena, akaliweka juu ya mwamba.

"Unafanya nini?" Athanasi aliuliza.

"Nabaki."

"Utakula nini hapa? Shamba huna. Udongo wote umeumwaga."

"Faudhia amenipa kazi ya kuanika dagaa."

"Mama Milembe, Nkoma kuna ardhi. Ardhi tupu, huoni jiwe mpaka macho yachoke. Tutaanza upya."

"Najua."

"Watu watasema nimekuacha."

"Waambie mimi ndiye niliyekataa."

Athanasi alimshika mkono, akamvuta kidogo kuelekea mtumbwini, kama vile labda hakuwa amesikia. Hakuwa mkali. Hakuwahi kuwa mkali maishani mwake, na Mektilda alimpendea hilo miaka kumi na mmoja. Alimwachia amshike kwa muda, kisha akautoa mkono wake taratibu. Maji yalikuwa yamefika kwenye kidato cha kwanza cha mwamba, na pale kaburi lilipokuwa palikuwa ziwa tu, huwezi kujua ni wapi.

"Njoo basi," alisema Athanasi. "Tafadhali. Twende."

"Nenda wewe, baba," Mektilda alimjibu. "Wewe ndiye mwenye kibali."